Hesabu kwa watu wa biolojia: maswali tunayoulizwa kila muhula

Haya yametoka kwa wanafunzi wa TUM (chuo cha ufundi cha Mombasa) pale Tudor, wa Chuo cha Pwani kule Kilifi, wa KMTC (chuo cha mafunzo ya tiba), na wazazi wanaopiga simu usiku. Hayajapangwa vizuri, soma lile linalokuuma mengine uache.

Nilichagua biolojia ndo niikimbie hesabu, mbona nimeikuta tena mwaka wa kwanza?

Pole, na hauko peke yako, wengi wamekuja kwa sababu hiyo hiyo. Biolojia ya form four ilikuwa ya majina, sehemu za ua, mifupa, chora moyo weka lebo, kwisha. Chuoni swali linabadilika. Hawakuulizi tena hiki kinaitwaje, wanakuuliza viko vingapi, vinaongezeka kwa kasi gani, na wewe umejuaje kama si bahati tu. Hayo matatu hayajibiki kwa kukariri. Na si lekchara wako ameamua kukutesa, mwaka 2003 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa ripoti nzima, BIO2010, ikisema wanafunzi wa biolojia waongezewe hesabu na kompyuta manake utafiti umeshahama na mafunzo yamebaki nyuma.

Kwani ni hesabu gani hasa?

Inategemea kozi, lakini mara nyingi ni hesabu za msingi yani aljebra, vipeo, logi na grafu, alafu kalkulasi (calculus) kiasi, alafu takwimu. Ukiniuliza mimi takwimu ndo zingekuja kwanza kwa sababu ndo utakazotumia kila wiki, kalkulasi ingengoja mpaka mtu aone mwenyewe anaihitajia nini. Lakini hakuna aliyeniuliza.

Nilipata D ya hesabu KCSE, ule mtihani wa form four, nimekwisha?

Kuingia ni jambo moja, kuweza ni jingine. Kuingia, soma masharti ya kozi yenyewe kwenye KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, kabla hujalipa hela ya mtu, kuna kozi zinadai gredi ya hesabu na kuna zinazokubali somo jingine badala yake. Kuweza, wallahi nimeona watu wa D wakipita na watu wa B wakirudia mtihani, manake kinachoangusha watu si kalkulasi, ni uwiano. Uwiano wa darasa la saba.

Chukua hili la maabara. Umeambiwa punguza sampuli mara kumi, mtu anachukua mililita 1 anatia kwenye mililita 10 za maji, anaandika moja kwa kumi. Si kweli, hiyo ni moja kwa kumi na moja, ulitakiwa utie kwenye mililita 9. Ukirudia hivyo mara sita ulifaa uwe na moja kwa milioni, wewe una moja kwa milioni na laki saba na zaidi, na ripoti yote imeharibika na hakuna fomula iliyokosewa. Alafu kuna kurudi nyuma: sahani imeota koloni 42, yani madoa ambayo kila moja unalihesabu limetoka kwa bakteria mmoja, ulimwaga mililita 0.1 ya mchanganyiko uliopunguzwa mara elfu kumi, sasa kwenye mililita moja ya sampuli ya mwanzo kulikuwa na bakteria wangapi? 42 gawanya kwa 0.1 upate 420, zidisha elfu kumi, milioni 4.2. Ukiweza kulieleza hilo kwa maneno yako bila kuangalia daftari basi D yako haina neno.

Logi ni za nini? Nani anatumia logi maishani?

Wewe, ukila biriani ya harusi iliyolala nje. Bakteria kama E. coli wakipata joto na chakula wanaweza kugawanyika kila dakika 20 hivi. Anza na mmoja saa nne usiku, saa mbili asubuhi ni masaa kumi, mgawanyiko mara 30, na 2 kwa kipeo cha 30 ni zaidi ya bilioni moja. Kwa kweli hawafiki huko bila kupunguza mwendo maana chakula huisha na uchafu wao huwazidi, lakini ushaelewa. Sasa jaribu kuchora grafu inayoanza na 1 inaishia bilioni, masaa mengi ya mwanzo yote yatalala chini kama hakuna kitu. Ukichukua logi, yani unaandika kipeo badala ya nambari yenyewe, inakuwa mstari ulionyooka, na mteremko wa mstari huo ndo kasi ya kukua. Ni hivyo tu, logi inageuza kuzidisha kuwe kujumlisha.

pH pia ni logi, kutoka 8 kwenda 7 asidi imeongezeka mara kumi, si "kidogo".

Ila mfano ninaoupenda uko Gazi, hapo Kwale. Wenyeji wa Gazi na Makongeni wana mradi wa Mikoko Pamoja, wanatunza mikoko na kuuza kaboni iliyofungiwa ndani yake, na pesa inaenda kwa maji na shule. Mnunuzi atakuuliza kaboni ni tani ngapi. Utajuaje? Huwezi kukata msitu uupeleke kwenye mizani, utakuwa umeua kile unachouza. Kwa hivyo watafiti huchukua miti michache tu, wanapima unene wa shina, wanapima uzito, wanatafuta uhusiano, na uhusiano wenyewe huwa ni uzito sawa na a mara D kwa kipeo b, D ikiwa kipenyo cha shina. Hiyo kwenye grafu inapinda, si mstari ulionyooka. Chukua logi pande zote mbili na inanyooka, b inakuwa mteremko. Baada ya hapo mtu anaingia kwenye matope na utepe tu, anapima mkoko, mchu, mkandaa, mmoja mmoja, na uzito unatoka kwenye ekwesheni. Kumbuka b ikiwa 2.5 mti wenye kipenyo mara mbili hauna uzito mara mbili, una uzito mara tano na nusu na zaidi. Ndo maana kukata mti mmoja mkubwa si sawa na kukata miwili midogo, na mtu asiyejua vipeo atadanganywa hapo hapo.

Na sini na kosini? Hizo hata mwalimu alikuwa haelewi.

Uliza mvuvi yeyote bamvua, yale maji yanayojaa na kutoka sana, ni lini, atakwambia bila kuangalia simu. Hizo ndo sini mbili, manake sini ni mchoro wa wimbi linalopanda na kushuka. Mwezi unavuta maji kwa wimbi la kila masaa 12.42, jua kwa wimbi la kila masaa 12 kamili. Wakati mwingine yanapatana, yanajumlika, una bamvua. Siku zingine yanapingana, una maji mafu, hayajai sana wala hayatoki sana. Ukipiga hesabu ya lini yanapatana tena inatoka kama siku 14.8, wiki mbili na kitu. Sasa kama projekti yako ni kuhesabu konokono au majani ya bahari kwenye mwamba pale Nyali na umepanga kwenda kila Jumamosi, wiki moja utakuta mwamba uko nje kabisa wiki nyingine uko chini ya maji, na utaandika kwamba konokono wamepungua.

Mimi nataka kuchunguza samaki, kalkulasi ya nini?

Swali zuri na jibu ni refu kidogo, vumilia.

Kalkulasi ni hesabu ya kitu kinachobadilika, na samaki wanabadilika kila siku, wanazaliwa wanakufa wanavuliwa. Mbelgiji mmoja, Verhulst, mwaka 1838 aliandika ekwesheni ya idadi inayokua mpaka ikagonga dari. Kasi ya kukua ni r mara N mara moja-toa-N-kwa-K, N ni samaki waliopo, K ni kiasi ambacho bahari hiyo inaweza kulisha. Tia nambari uone, tuseme r ni 0.5 na K ni tani 1000. Ukiwa na tani 900 baharini zinaongezeka 45 kwa mwaka. Ukiwa na tani 100, zinaongezeka 45 vile vile! Ukiwa na 500 zinaongezeka 125. Yani bahari iliyojaa na bahari iliyomalizwa zinakupa mavuno sawa, na katikati ndo kwenye neema. Hapo ndo lilipotoka wazo la kiwango cha juu cha kuvua bila kumaliza, ambalo watu wa uvuvi wanabishana nalo mpaka leo, na wana haki ya kubishana kwa sababu r na K hakuna anayezijua kwa uhakika na ukikosea kwa upande wa tamaa unateremka mlima bila breki. Lakini hata kubishana kunahitaji uielewe.

Alafu kuna kisa cha Italia. Mwanabiolojia Umberto D'Ancona aliangalia rekodi za masoko ya samaki ya Adriatiki wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vimepunguza sana uvuvi, ungetarajia samaki wote waongezeke si ndio? Pale Fiume, papa na taa na jamii yao walitoka kama asilimia 12 ya mavuno mwaka 1914 wakafika kama 36 mwaka 1918. Walaji ndo walionufaika kuliko wanaoliwa. Hakuelewa, akamuuliza mkwewe Vito Volterra ambaye alikuwa mtu wa hesabu tupu, na Volterra mwaka 1926 akatoa ekwesheni mbili, moja ya mlaji moja ya mliwaji, zinazozungukana. Lotka kule Marekani alikuwa amezifikia mwaka mmoja kabla kwa njia yake. Kutoka ndani ya ekwesheni hizo inaonekana wazi kwamba uvuvi wa wastani unawapunguza walaji kwa wastani na kuwaongeza wanaoliwa, kwa hivyo ukiupunguza mambo yanageuka. Hicho kitu huwezi kukifikia kwa akili ya kukaa barazani hata ukae mpaka adhana ya isha.

Unahesabuje wanyama usiowaona wote?

Kamata, weka alama, achia, rudi ukamate tena. Umeenda kwenye mikoko ya Tudor ukakamata kaa 60 ukawapaka alama ukawaachia. Baada ya siku chache umekamata 50, na 12 kati yao wana alama. 60 mara 50 gawanya kwa 12, wako kama 250. Lakini inadai kaa wenye alama wasife kwa rangi yako, wasihame, na wasijifunze kukuogopa. Hapo ndo mtihani ulipo, si kwenye kugawanya.

Ustadh, hii ya selimundu imetukuta nyumbani. Mimi na mume wangu sote tunabeba, mtoto wa kwanza ana ugonjwa, ina maana watatu wanaofuata wako salama?

Hapana dadangu, na nashukuru umeuliza manake hili watu wanaambiana vibaya. Kila mimba ni kura mpya, robo kupata ugonjwa, nusu kubeba tu, robo kutokuwa nayo kabisa. Kura ya pili haijui ya kwanza ilikuwaje. Unaweza kupata wanne wote wazima na unaweza kupata wawili wagonjwa wakifuatana. Nenda pia kliniki mkazungumze na daktari kabla ya mimba nyingine, mimi ni mtu wa hesabu tu.

Kwa wanafunzi, hapa ndipo Hardy na Weinberg wanapoingia, wote 1908, mmoja Mwingereza wa hesabu aliyejivunia kwamba hesabu zake hazina faida yoyote duniani, mwingine daktari Mjerumani. Kama jeni ya selimundu (jeni ni kipande cha urithi anachopokea mtoto, kimoja kwa baba kimoja kwa mama) ni asilimia 10 ya jeni zote za sehemu hiyo kwa watu fulani, basi wanaozaliwa na ugonjwa ni 0.1 mara 0.1 yani 1 kwa mia, na wanaobeba ni mara mbili ya 0.1 mara 0.9, yani 18 kwa mia. Angalia pengo hilo, mgonjwa mmoja nyuma yake kuna wabebaji kumi na wanane.

Na mbona jeni inayoua watoto haijaisha? Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alikusanya damu mwaka 1949 akaona wabebaji ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria na ni wachache mno nyanda za juu. Yani wako kule kule malaria iliko. Mwaka 1954 akaonyesha kwamba kubeba kunakinga dhidi ya malaria. Hesabu ndo inayolazimisha swali hilo, kwa sababu bila faida ya kuibakisha, nambari zinasema jeni hiyo ingekuwa imepungua zamani.

Malaria tunaijua, dawa tunaijua, hesabu inasaidia nini?

Ronald Ross alipata Nobel 1902 kwa kuonyesha mbu ndo anasambaza malaria, lakini yeye mwenyewe aliziona hesabu zake ndo kazi yake kubwa. Watu walimwambia huwezi kuua mbu wote, atarudi tu. Akakaa akaandika ekwesheni, na 1911 akaonyesha huhitaji kuua wote, kuna kiwango ambacho mbu wakishuka chini yake ugonjwa unazimika wenyewe kwa sababu kila mgonjwa anaambukiza chini ya mmoja.

Miaka ya 1950 George Macdonald akaongeza jambo ambalo mimi naliona ni tamu kupita yote kwenye ukurasa huu. Vimelea vinahitaji kama siku kumi au zaidi ndani ya mbu kabla mbu hajaweza kuambukiza. Kama mbu ana nafasi 0.9 ya kuishi mpaka kesho, nafasi ya kufika siku ya kumi ni 0.9 kwa kipeo cha 10, kama 0.35. Ukipunguza nafasi yake ya kila siku ikawa 0.8, tofauti ndogo tu, 0.8 kwa kipeo cha 10 ni kama 0.11. Mbu hatari wamepungua zaidi ya mara tatu. Ndo maana neti yenye dawa, inayoua mbu mzima aliyekuja kutua, inafanya kazi kubwa hivi. Na ilijaribiwa hapo Kilifi miaka ya 1990, vifo vya watoto vikashuka kwa kama thuluthi moja.

Hesabu hiyo hiyo ya "kila mgonjwa anaambukiza wangapi" ndo inayosema surua wachanjwe watu wangapi. Mgonjwa mmoja wa surua kati ya watu wasio na kinga anaambukiza 12 mpaka 18, toa moja kwa 12 kutoka kwa moja unapata asilimia 92, kwa 18 unapata 94. Kwa hivyo mtu akikwambia "wengi wamechanjwa yatosha", muulize wengi ni ngapi.

Dengi iliyotusumbua Mombasa 2013 na 2014 ni hadithi nyingine kidogo, mbu wake anauma mchana na anazaa kwenye mapipa na matangi yetu ya maji, neti ya usiku haimgusi sana. Umbo la ekwesheni linafanana, kilichobadilika ni wapi pa kukata.

p ndogo kuliko 0.05 inamaanisha nimethibitisha?

La. p ni ile nambari jaribio la takwimu linakupa mwishoni. Ikiwa ndogo inamaanisha kama hakungekuwa na kitu chochote, data ya namna hii au kali zaidi ingetokea kwa nadra. Basi. Haisemi nafasi ya wewe kuwa sawa ni asilimia 95, na haisemi jambo ni kubwa.

Fanya hii kwa mkono mara moja tu maishani. Mendel, yule mtawa aliyechunguza urithi kwa njegere, alipata mimea 705 za maua ya zambarau na 224 meupe, jumla 929. Kama ni tatu kwa moja alitakiwa apate 696.75 na 232.25. Tofauti ni 8.25, izidishe kwa yenyewe, gawanya kwa kila matarajio, jumlisha, unapata kama 0.39. Mpaka wa kukataa, ukitumia ile 0.05, ni 3.84. Kwa hivyo tatu kwa moja inasimama. Ukishafanya hivyo programu haitakutisha tena.

Programu gani? Exceli yatosha?

Kwa jedwali dogo yatosha. Ila jifunze R, programu ya takwimu, ni ya bure, ilianzishwa na Ihaka na Gentleman chuoni Auckland, inaenda hata kwenye laptopu kuukuu. Exceli ina kisirani chake, kwa miaka ilikuwa inageuza majina ya jeni kama SEPT2 kuwa tarehe ya mwezi wa tisa, mpaka 2020 wanasayansi wakaamua kubadilisha majina ya jeni zenyewe. Walishindwa na programu!

Si AI ya simu itanifanyia?

Itakufanyia, na itakupa jibu kwa ujasiri hata pale ulipoipa swali baya. Nani atajua kwamba mililita 10 zilitakiwa ziwe 9?

Mwanangu yuko gredi ya kumi, aache hesabu ngumu achukue biolojia peke yake?

Mzee wangu, wizara ilishasema 2025 hesabu ni ya wote, kuna ya wale wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu) na kuna nyepesi ya wengine. Kama mtoto anapenda viumbe, abaki kwenye ile ya STEM hata kama anapata alama za katikati. Kupanda baadaye kutoka ile nyepesi ni taabu.

Kuna mtu alisema milia ya samaki ni hesabu, ni kweli?

Kweli. Alan Turing, huyo huyo wa kompyuta, 1952 aliandika jinsi kemikali mbili zinazosambaa kwa kasi tofauti zinavyoweza kuchora milia na madoa. Mwaka 1995 Wajapani wawili, Kondo na Asai, walifuatilia samaki wa matumbawe jamii ya Pomacanthus, hawa hawa tulionao hapa, wakaona samaki akikua milia haitanuki, inaongezeka mipya katikati kama ekwesheni ilivyotabiri. Haitakuja kwenye CAT, ile mitihani midogo ya muhula.

Kazi ziko?

Ziko kwa anayeweza vyote viwili. KEMRI (utafiti wa tiba) na Wellcome wako Kilifi tangu 1989, KMFRI (utafiti wa bahari na samaki) makao yake ni hapa hapa Mkomani, Mombasa, na kote huko mtu anayejua kiumbe na pia anajua data anatafutwa kuliko anayejua kimoja. Sikuahidi mshahara.

Ninunue kalkuleta gani?

Ya kisayansi ya kawaida, kama Casio fx-82, hauhitaji ya kuchora grafu. Mjini feki ni nyingi kwa hivyo kabla hujatoa pesa bonyeza ln ya 10, ikikupa kitu kisichoanza na 2.302585 mrudishie mwenye duka.